Rimu Iliyomjibu Mihayo

Kijiwe chenyewe kilikuwa bao moja refu, bodi ya nyuma ya lori lililokwisha kufa, limelazwa juu ya mawe mbele ya banda la Feruzi, pale njia ya kutoka Geita kwenda Nkome inapokutana na njia ya mgodini. Feruzi alikuwa mtu wa Ujiji. Aliuza kahawa chungu na kashata za karanga, na hakuwa na tabia ya kumwuliza mteja kwa nini hajaenda kazini. Ukikaa kwenye bao lile, ng'ambo ya mashamba ya mihogo uliona vilima vyeupe visivyoota hata jani. Havikuwa vilima vya Mungu. Vilikuwa mchanga wa mawe yaliyosagwa kwenye kinu cha mgodi, ukatolewa dhahabu yake, ukamwagwa hapo mwaka hadi mwaka. Wachimbaji waliuita marudio. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeuchonga matuta yenye ncha kali, kama migongo ya ng'ombe waliokonda. Kando ya banda ilisimama nguzo, na kwenye nguzo ilining'inia rimu ya gurudumu pamoja na nyundo yake. Rimu hiyo aliileta Mihayo, dereva wa lori pekee lililoweza kupanda matuta yale. Kila alipofika kwenye ncha ya tuta alipiga honi mara mbili, na Feruzi akamjibu kwa nyundo, ngaa, ngaa. Desturi hiyo ilizaliwa kijiweni, na kijiji kizima kiliizoea kama jogoo.

Asubuhi hiyo ya kiangazi cha mwaka 1953 bao lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Gavana, ambaye kwa ubatizo anaitwa Bartholomeo. Aliwahi kuwa tarishi bomani Shinyanga, na tangu hapo huzungumza kama mtu anayesoma tangazo. Wa pili ni Kapteni, yaani Maige. Alikwenda vitani akarudi na koti. Muda wote wa vita alipika maharage kambini Nairobi, lakini koti halikusema hivyo. Wa tatu ni Almasi, yaani Masele, mchimbaji aliyetoka Maganzo. Huko aliokota jiwe moja la maana akalipoteza siku hiyo hiyo, na mpaka leo analitafuta kwa mdomo.

Lori likaja likinguruma, limebeba mabomba marefu ya chuma. Lilikuwa lori la vita, lililonunuliwa jeshi lilipouza mali zake. Injini yake husukuma magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma, ndiyo maana watu waliliita Miguu Minne. Mihayo alishuka, akainama kwanza kutazama chini ya gari, ndipo akasalimia.

Mihayo: Shikamoo, Mzee Feruzi. Shikamooni wazee.

Feruzi: Marahaba, mwanangu. Kikombe cha kukaa au cha kusimama?

Mihayo: Cha kusimama, mzee.

Akachukua msumari mfukoni, akapiga magoti kando ya tairi la mbele, akabonyeza. Tairi likaanza kutoa pumzi.

Gavana: Kila siku naliona jambo hili na kila siku silielewi. Upepo umeujaza mwenyewe jana kwa pampu, jasho likakutoka. Leo unautoa. Huko si kutwanga maji kwenye kinu?

Mihayo: Mzee Gavana, mbuzi na ngamia, nani ana wayo mpana?

Gavana: Ngamia sijamwona.

Kapteni: Mimi nimemwona.

Almasi: Ulimwona kwenye kopo la tende.

Mihayo: Ngamia ana wayo mpana, laini. Akikanyaga, mchanga unambeba. Mbuzi anauchoma. Tairi likijaa upepo ni mbuzi. Nikilipunguza linakuwa ngamia. Jioni nikirudi barabarani nalijaza tena.

Gavana: Basi uende taratibu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Mihayo: Wahenga hawakuendesha lori, mzee. Kwenye mchanga mwenda pole ndiye anayezama. Unaanza na mwendo, unashika mwendo huo huo, breki huigusi. Unapanda wima, unashuka wima. Karibu na ncha unapiga honi, kwa sababu hujui ng'ambo kuna nani. Tulifundishwa hivyo Libya. Asiyepiga honi alimshukia mwenzake kichwani.

Almasi: Kumbe honi si maringo.

Kapteni: Ni maringo vilevile.

Mihayo alicheka. Yeye alikuwa dereva wa jeshi kweli, na kwa sababu alikuwa kweli hakupenda kuyasimulia. Akahamia tairi la nyuma. Safari hii alikaa pale chini muda mrefu kuliko kawaida, msumari mkononi, akiyatazama matuta.

Feruzi: Mbona leo unatazama sana?

Mihayo: Leo siendi kileleni. Msimamizi wa kinu anataka mabomba yapelekwe ubavuni, upande wa ziwani, nyuma ya lile tuta la mbele. Ndipo watakapoanza kumwaga marudio mapya.

Kapteni: Sasa shida iko wapi? Ubavu si mfupi kuliko kilele?

Mihayo: Ukikata ubavuni, magurudumu ya chini yanabeba gari zima, na mchanga unakimbia chini yake. Gari linalala. Na upande ule hata haujakauka. Juu ganda, chini uji. Ukitembea kwa miguu, unatingishika.

Feruzi: Umemwambia?

Mihayo: Nimemwambia. Kasema lori lina miguu minne, lilinunuliwa kwa kazi hiyo.

Almasi: Kataa.

Mihayo: Nikatae, halafu? Mlangoni pa ofisi kuna madereva wamekaa tangu alfajiri. Nyumba ninayolala ni ya mgodi. Mama Herman ndiyo kwanza amefika kutoka Tinde na mtoto mgongoni. Hajajua hata njia ya kanisani. Nimwambie nini, afunge mizigo?

Mihayo alisimama, akapangusa magoti.

Mihayo: Wapakiaji nimewaacha kinuni. Sitaki mtu juu ya mabomba leo. Nikishapita salama mara moja ndipo watakuja. Sasa jamani, nisikilizeni. Leo nikipiga honi...

Kapteni: Tutakujibu, bwana. Siku gani hatujakujibu?

Almasi: Leo Feruzi ataipasua rimu.

Gavana: Uhusiano mwema ni salamu na jawabu. Hilo halina mjadala.

Wakacheka wote watatu. Mihayo alibaki na neno mdomoni, akawatazama mmoja mmoja, kisha naye akatabasamu, akarudisha kikombe.

Mihayo: Haya, wazee.

Akapanda. Lori likaingia njia ya mashamba, likayumba, likapanda kwenye weupe, likapotea nyuma ya tuta la mbele. Vumbi lake likabaki hewani kidogo. Huko mgodini kinu kiliendelea kutwanga mawe, du, du, du, mlio ambao watu wa pale hawausikii tena mpaka usimame.

Feruzi alikuwa anamimina duru ya pili honi ilipolia. Ililia mara moja, ndefu.

Kapteni: Huyo. Amepita. Mpe jibu lake.

Feruzi akapiga, ngaa, ngaa. Honi ikanyamaza.

Gavana: Amepokea.

Feruzi: Lakini imelia moja. Yeye hupiga mbili.

Kapteni: Ubavuni ni nusu ya kilele. Nusu ya safari, nusu ya honi. Hesabu ya jeshi hiyo.

Honi ikalia tena, ndefu, ikakatika, ikaanza upya. Feruzi akajibu. Ikanyamaza. Wakanywa kidogo. Ikaanza tena.

Almasi: Leo ana maringo huyu.

Gavana: Debe tupu haliachi kuvuma.

Feruzi: Debe gani tupu? Amebeba mabomba.

Gavana: Nilikuwa nazungumzia debe kwa jumla.

Kapteni: Mimi nawaambia kama askari. Mtu akishinda pale aliposhindwa kila mtu, anapiga honi mpaka adui asikie. Anamtangazia yule msimamizi. Anamwambia, umenituma ubavuni, nimepita ubavuni. Msikilizeni. Hiyo si honi, hiyo ni bendera.

Feruzi akagonga tena. Honi ikatulia mara moja, kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Kapteni: Mmeona? Ukimjibu ananyamaza. Kwa hiyo alichotaka ni kujibiwa.

Hoja hiyo ilionekana nzuri. Ikapita na kashata.

Feruzi hakukaa. Alisimama na nyundo yake mlangoni mwa banda, mkono kwenye paji la uso, akitazama kule.

Feruzi: Siku zote nikisikia honi nalitazama kileleni, naliona linavuka kama mende juu ya mkate. Leo silioni.

Almasi: Si kasema yuko nyuma ya tuta?

Feruzi: Ndiyo. Lakini angeshashuka. Na injini siisikii.

Kapteni: Kinu hicho kinafunika.

Feruzi: Kinu kinafunika injini, hakifuniki honi?

Kapteni akajishughulisha na kifungo cha koti. Honi ikalia vipande vipande, vifupi, vingi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa.

Almasi: Basi mimi nitawaambia, kwa kuwa nyie ni watu wa barabarani, mimi wa shimoni. Mchanga ule haujaisha dhahabu. Kinu hakichukui yote. Mihayo amekata ubavu ambao haujakanyagwa na mtu, magurudumu yamefukua, ameona kitu. Sasa anamwita mwenzake.

Gavana: Mwizi apige honi?

Almasi: Ndiyo ujanja wenyewe. Mwizi anayenyata anashikwa. Anayepiga kelele nani atamshuku? Kule Maganzo kulikuwa na mtu alitoka na jiwe huku anaimba wimbo wa kanisani, na walinzi wakaitikia.

Feruzi: Na mwenzake ni nani?

Almasi: Wewe unayemjibu.

Wakacheka. Feruzi hakucheka. Alipiga rimu kwa sababu honi ilikuwa inalia na wote walikuwa wanamtazama, na mtu akitazamwa hivyo mkono hujiendea wenyewe. Honi ikanyamaza tena, ikasubiri.

Feruzi: Twende tukamtazame.

Almasi: Nani, mimi? Mimi nikiweka unyayo pale, askari wa mgodi watasema nimekuja kuchota marudio. Walishanifunga kwa mchanga wa kwenye viatu. Sithubutu.

Gavana: Na mimi nilikuwa mtumishi wa serikali. Siwezi kuingia eneo la kampuni bila ruhusa. Kuna taratibu.

Feruzi: Kapteni?

Kapteni: Goti langu la vita.

Feruzi: Goti la kukorogea maharage?

Kapteni: Sasa unanitukana, mzee.

Feruzi: Basi nakwenda mimi.

Gavana: Na banda? Na birika liko motoni? Feruzi, wewe ni mtu mzima. Utavuka mihogo yote ile, upande kwenye mchanga, umkute kijana amekaa kivulini anasubiri wapakiaji. Atakucheka mpaka Pasaka. Kaa. Mpigie mlio mmoja wa nguvu. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe.

Feruzi akaitazama njia, akalitazama birika. Akapiga mlio mmoja wa nguvu. Ukaenda juu ya mihogo mpaka ukagonga matuta, na wote walisikia mwangwi wake ukirudi. Honi ikajibu papo hapo, safari hii kwa sauti yenye furaha, ndivyo walivyoiona wao. Ndefu, kisha fupi mbili, kama zile za siku zote.

Kapteni: Hizo ndizo. Mbili. Sasa yuko sawa.

Feruzi akakaa. Alikaa kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akajimiminia kikombe chake mwenyewe. Mazungumzo yakapanuka, kama kawaida ya mazungumzo yakipata raha.

Gavana: Tatizo lenu mnatazama jambo dogo. Mimi bomani nilijifunza kutazama jambo kubwa. Mwaka huu Malkia amevikwa taji, sivyo? Kila mahali walipiga mizinga. Hapa mzinga upo? Haupo. Je, kampuni inyamaze tu? Wameamua honi. Honi ya lori la vita, juu ya kilima kirefu. Hiyo ni heshima iliyochelewa kufika kwa sababu ya barabara.

Almasi: Imechelewa miezi.

Gavana: Barua za boma zilichelewa zaidi.

Kapteni: Hapana. Hapana. Tumekaa tukidanganyana. Sasa nitasema jambo ambalo sikutaka kulisema mbele ya mtu ambaye hajavaa buti. Huko jangwani mchanga hulia.

Almasi: Unalia vipi?

Kapteni: Unalia. Upepo ukiupiga tuta likateremka, linatoa sauti kama honi. Waliokuwa huko walinieleza. Dereva anasikia mwenzake anamwita nyuma ya tuta. Anakwenda. Hakuna mtu. Anasikia tena tuta la pili. Anakwenda. Mpaka mafuta yanamwishia. Kwa hiyo ile si honi ya Mihayo. Mihayo yuko kinuni anakula. Ile ni sauti ya mchanga, na anayekwenda harudi. Ndiyo maana nimemzuia Feruzi.

Gavana: Aliyemzuia ni mimi.

Kapteni: Tulimzuia.

Almasi: Kama ni hivyo, kuna neno zaidi. Lile lori mnajua limetoka wapi?

Feruzi: Nairobi, kwenye mnada.

Almasi: Kabla ya Nairobi. Vitani. Limebeba wangapi waliokufa? Damu imelowa kwenye mbao. Mimi usiku mmoja nililipita limeegeshwa mgodini, injini imezimwa, dereva kalala kwake, nikalisikia linavuta pumzi.

Kapteni: Ni matairi.

Almasi: Sasa limeona mchanga kama ule wa kwao. Limekumbuka. Linawaita wale wa zamani warudi wapande. Honi ile haipigwi na mkono wa mtu.

Kilichowageuza vichwa hapo si hadithi ya Almasi. Ni honi yenyewe. Ilikuwa imebadilika. Ililia chini, nzito, imepasuka katikati kama sauti ya mtu mwenye mafua. Ikaacha. Ikajaribu tena, ikatoa mkoromo tu.

Feruzi: Hiyo ni betri. Inakwisha.

Gavana: Basi imekwisha. Heshima nayo ina mwisho.

Feruzi: Gavana, injini ikizunguka betri haiishi hivyo. Mihayo aliniambia mwenyewe. Ile injini imezimika tangu mwanzo.

Alisema taratibu, kama mtu anayesoma neno gumu kwa mara ya kwanza. Aliposimama alisahau nyundo kwenye bao. Mkoromo ukasikika mara moja zaidi, mfupi. Kisha hakukusikika kitu ila kinu, du, du, du, na kunguru kwenye mihogo.

Gavana: Kimya kingi...

Hakumaliza. Hakuna aliyetaka amalize.

Wakati huo alikuja mwanamke kwa njia ya kisimani, kijana, khanga mpya, kikapu kichwani kimefunikwa kwa ungo. Alikuwa mgeni, hata mwendo wake ulikuwa wa mtu anayezihesabu nyumba asipotee. Alipofika mbele ya bao alitua kikapu, akapiga goti kidogo kama walivyomlea kwao.

Mwanamke: Shikamooni, baba zangu.

Gavana: Marahaba, mayu, mama yangu. Za nyumbani?

Mwanamke: Nzuri. Za hapa?

Gavana: Nzuri tu.

Mwanamke: Mimi ni Klara. Mama Herman. Mke wa Mihayo, dereva.

Kapteni akasogea kumpa nafasi kwenye bao, ingawa wanawake hawakukaa hapo. Klara hakukaa.

Klara: Nimemletea chakula. Ameniambia leo hatarudi mchana. Huwa anapita hapa?

Feruzi: Hupita, mama. Amepita asubuhi.

Klara: Nilikuwa kisimani, nikasikia honi yake. Naijua, ndiyo anayopiga akifika nyumbani. Lakini ilikuwa haiachi. Nikatua ndoo, nikataka kukimbia. Ndipo nikasikia chuma kinamjibu.

Akaitazama rimu. Ilikuwa inatingishika kidogo kwa upepo kwenye waya wake.

Klara: Ni hiki?

Feruzi: Ndicho.

Klara: Nikasema, Mungu asifiwe, watu wamemsikia, wanakwenda. Hata yeye mwenyewe nilimsikia anatulia kila mkimjibu. Nikajitwisha ndoo yangu, nikarudi kusonga ugali. Niliona si vizuri watu wahangaike naye halafu wakose hata cha kula. Ndiyo maana nimeweka mwingi.

Akainua ungo kidogo kuwaonyesha. Ugali wa mhogo ulikuwa mkubwa kweli, wa watu wengi, na bakuli la dagaa wa Nkome pembeni. Mvuke wake ukapanda. Kisha akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na vikombe vyao, na maganda ya karanga chini ya miguu yao, na uso wake ukaanza kubadilika, bila haraka.

Klara: Samahani, baba zangu. Mimi mgeni, sijui desturi za hapa. Honi ililia, mkajibu. Ikalia, mkajibu. Mlikuwa mnamwambia nini?

Gavana alifungua mdomo. Tangu aache kazi bomani hajawahi kukosa neno, na wahenga wake walikuwa hapo hapo ulimini siku zote. Akaufunga. Kapteni aliinamia vifungo vya koti lake. Almasi alitazama viatu vyake kana kwamba vina mchanga. Feruzi peke yake alimtazama Klara machoni, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Klara alisubiri. Alikuwa mtu mwenye adabu, aliwapa nafasi ya kutosha. Kisha aliichukua nyundo kwenye bao na kuanza kuipiga rimu.

Hakuipiga kama Feruzi. Alipiga bila mpango, bila kupumzika, chuma juu ya chuma, mpaka khanga ikamwanguka begani asiiokote. Mlio huo haukuwa salamu, na hakuna aliyeusikia akafikiri ni salamu. Wanawake walitoka kisimani wakikimbia. Watu wa madukani walitoka. Wapakiaji walikuja kutoka kinuni na sepetu, na askari wa mgodi wakaja nao, na mmoja wa wapakiaji alikuwa anasema huku anahema kwamba walisikia rimu tangu asubuhi, wakajua ni mchezo wa wazee wa kijiweni. Feruzi alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya mihogo. Almasi alimfuata, akasahau kuogopa askari. Na askari wakasahau kumshika. Hata Kapteni alikimbia, na goti halikusema kitu.

Klara alipiga mpaka mikono ikakataa. Akashusha nyundo, akageuza uso kuelekea matuta, akatega sikio kama yule anayejua kwamba kwenye njia hii anayeita hujibiwa. Kinu kilikuwa kimesimamishwa. Kwa mara ya kwanza watu wa pale walisikia jinsi mahali pao palivyo kimya.

Walimfikia Mihayo adhuhuri. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye uji wa marudio, mabomba yameubana mlango, na mchanga ulikuwa umeteremka kidogo kidogo ukajaza kebini, kuanzia miguuni. Mkono wake wa kulia walilazimika kuubandua kutoka kwenye honi, vidole vimekakamaa. Feruzi ndiye aliyemfumba macho. Chakula alicholetewa waligawiwa waliochimba, kwa sababu Klara mwenyewe alisema wasirudi na njaa.

Rimu haikushushwa. Feruzi anasema waya umeshika kutu, haufunguki. Nyundo haipo tena. Kahawa inanyweka kama zamani, na Gavana amerudi kwa wahenga wake, ila kwa sauti ya chini. Lakini kiangazi upepo unapotoka upande wa ziwani, hutokea ukaisukuma rimu ikagonga nguzo, ngaa, mara moja. Hapo mwenye kikombe hukishusha, na Feruzi hutoka mlangoni mwa banda, mkono kwenye paji la uso, akatazama kule, ingawa anajua hakuna aliyeita.